Mwaka wa Sabuni Nyeupe

Siku alipokufa mume wangu Alphonse, wanaume waliokuja kumwosha waliomba sabuni, na binti yangu akarudi kutoka dukani na kipande cheupe, kipya, bado kimefungwa katika karatasi yake. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wanawake wenzangu. Niliinuka na magoti yangu haya mabovu, nikakichukua mkononi mwake, nikamwambia akatafute sabuni nyekundu ya mawese, ile ambayo wamama wa ng'ambo ya mto bado wanaipika majumbani. "Mama, sabuni ni sabuni," alisema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wanasikia. Alitoka, akakawia, akarudi na sabuni nyekundu, na baba yake akaoshwa kwa hiyo. Baada ya maziko aliniuliza sababu, nikasema nitamweleza siku nyingine. Siku nyingine zimepita nyingi. Basi ninaandika.

Wazungu waliuita mji wetu Stanleyville. Sisi tulisema Kisangani, kama leo. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa mke mpya wa Alphonse, kijana wa Maniema aliyekata sabuni katika kiwanda kimoja karibu na mto. Kiwanda kilitupa nyumba katika kambi ya wafanyakazi: safu za nyumba za matofali, kila safu chini ya paa moja refu la bati, kila familia na vyumba vyake viwili. Kuta za katikati hazikufika kwenye paa. Waliojenga waliacha nafasi ili hewa ipite, na pamoja na hewa ilipita kila kitu kingine: moshi, kikohozi, harufu ya samaki wa chumvi tunaowaita makayabu, ugomvi, sala. Siku yangu ya kwanza, nikiwa nimesimama katikati ya chumba kitupu bila kujua nianzie wapi, sauti ya mwanamke ilitoka juu ya ukuta. "Mudogo yangu, uko na chumvi?" Nikasema sina. "Bon. Fungua mulango, ninakuletea." Huyo alikuwa Mama Vero, mke wa Papa Gaspard, watu wa Yanonge. Walikuwa hawana mtoto, lakini mama yake Vero, Koko Elisa, alikaa nao kwa siri, kwa sababu mgeni hakuruhusiwa kulala kambini bila karatasi ya ruhusa. Polisi wakipita kukagua nyumba, bibi yule alipanda juu ya mbao za kuwekea mizigo, akajilaza nyuma ya vikapu, na hakushuka mpaka Vero amwite. Tulikuwa tunacheka sana jambo hilo. Koko mwenyewe hakucheka.

Sabuni ya wakati ule ilikuwa nyekundu-nyekundu, rangi ya mawese yenyewe. Nilikwenda mara nyingi kumpelekea Alphonse chakula cha mchana, nikaona ukumbi ulivyojaa watu: wengine wakikoroga mapipa makubwa kwa makasia kama wapiga-makasia wa mtoni, wengine wakimwaga, wengine wakikata kwa waya, wengine wakipiga chapa, wengine wakifunga. Waliimba ili wakoroge pamoja. Papa Gaspard ndiye aliyeanzisha wimbo, na ukisimama nje getini ungeisikia sauti yake kabla ya nyingine zote. Mikono ya Alphonse ilikuwa na rangi ya machungwa isiyotoka, na mashuka yetu yalikuwa na alama za vidole vyake. Nilimlalamikia kama wake wapya wanavyolalamika. Sikujua kwamba nitakuja kuzitamani alama zile.

Mashine zilifika kwa meli, katika masanduku marefu ya mbao. Mafundi wawili wa Kizungu walizifunga, na kwa wiki kadhaa watu walizizunguka na kuzishangaa. Kisha ziliwashwa, na ukumbi ukajaa mngurumo ambao ndani yake mtu hakuweza kusikia hata jina lake mwenyewe. Nyimbo zilikoma siku ile. Alphonse, kwa kuwa alisoma kwa wamisionari na alijua Kifaransa kizuri, alifanywa kapita, msimamizi wa wenzake. Tulifurahi. Nilipika kuku, nikampelekea Vero paja juu ya ukuta. Hatukuuliza kapita mpya atasimamia nini, wakati kazi yenyewe ilikuwa inafanywa na vyuma.

Mambo yalianza polepole. Asubuhi Bwana wa kiwanda alimwita Alphonse biro, yaani ofisini kwake, akamtajia jina la mtu mmoja. Kwa sababu ya makelele, Alphonse hakuweza kumwita mtu yule; alitembea katikati ya mashine mpaka alipo, akamgusa bega, akamwonyesha mlango. Mtu yule aliweka chini alichokishika, akatoka. Hakurudi. Mchana, wenzake walipotoka kula, walikuta nyumba yake wazi, mkeka umeondolewa, mke na watoto hawapo. Kamio ya kiwanda, lori lake kubwa, ilikuwa imepita, imefunikwa turubai, na hakuna aliyeona vizuri nani aliyekuwa ndani. Kesho yake aliguswa mwingine. Mjukuu wangu aliyesoma uchumi ananiambia leo kwamba ilikuwa jambo la kawaida kabisa: mashine inaingia, watu wanatoka, na serikali ya wakati ule haikutaka mtu mweusi asiye na kazi abaki mjini, basi wakawasafirisha makwao siku ileile wasilete fujo. Anasema hata kwenye bia na kwenye sigara ilikuwa vilevile. Ninamwamini. Lakini sisi hakuna aliyetueleza. Sisi tuliona tu kwamba watu wanapungua, na sabuni inaongezeka.

Na sabuni ilibadilika. Ilitoka nyeupe, laini, haina harufu ya mawese hata kidogo. Jumamosi kila mfanyakazi alipewa vipande vyake, na wanawake walivipokea kwa ncha za vidole. Wote tulikuwa tumekulia hadithi za mundele wa mwinda, Mzungu mwenye taa ambaye anakamata watu na kuwafanya nyama ya kopo. Hadithi ile ilikuwa ya watoto. Sasa niliisikia juu ya kuta, mchana, kwa sauti za watu wazima. Mwanamke mmoja alisema, "Mafuta ya mawese iko nyekundu. Alors, hii nyeupe inatoka mafuta gani?" Nilisikia tu mtu anasukuma kiti. Kuanzia wiki ile kambi nzima ilirudi kufua kwa maji ya majivu, na kiwanda cha sabuni kikawa na wafanyakazi wenye nguo za kijivu. Vipande vyangu niliviweka ndani ya katoni chini ya kitanda, kwa sababu niliogopa kuvitumia na niliogopa kuvitupa. Wakati wa joto la mchana vilitoa jasho. Ukigusa katoni ilikuwa na unyevu, vuguvugu, kama mgongo wa mtu mwenye homa.

Kisha watu waliacha kumpa Alphonse mkono. Hawakumtukana. Akipita kwenye njia ya katikati ya nyumba, mazungumzo yalizimika, na mama aliyekuwa na mtoto nje alimvuta ndani. Kanisani aliachiwa benchi peke yake, na mimi pembeni yake. Mikono yake ilikuwa imetakata; soda kali ya kupikia sabuni iliila rangi yote, ikabaki myeupe viganjani, mikavu, baridi. Hakuniambia kazi yake ni kugusa watu. Nilijua kupitia ukutani, kama nilivyojua mengine yote. Alikula, akaosha mikono, akaosha tena. Mimi, mke wake, nilianza kumpa sahani kwa kuiweka mezani ili vidole vyetu visikutane.

Mama Vero hakuniacha. Hata wakati wanawake wengine walipita mlangoni kwangu wakitazama chini, yeye alisema juu ya ukuta, "Jeanne, leo unapika nini?" na tulipika pamoja, kila mtu upande wake. Siku moja nilikwenda sokoni, nikakawia kwa ajili ya mvua. Niliporudi, mlango wa Vero ulikuwa wazi. Nilimwita. Kwenye jiko la nyuma sufuria ya pondu, majani ya muhogo, ilikuwa inachemka yenyewe, majani yameanza kushika chini. Chumbani hakukuwa na kitanda wala nguo wala picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani. Palibaki mraba msafi mahali pake. Niliiondoa sufuria motoni, nikasimama nayo, sijui niiweke wapi. Alphonse aliporudi nilimwuliza neno moja tu: "Gaspard?" Alitikisa kichwa kukubali, akaenda kuosha mikono.

Nyumba ile haikupewa mtu, kwa kuwa kiwanda hakikuwa na mtu mpya wa kumpa. Majani yaliota mlangoni. Nilizoea kuzungumza juu ya ukuta, na mara kadhaa nilijikuta nimefungua mdomo, nikaufunga. Halafu nikaanza kusikia mchi. Kila siku king'ora cha saa sita kilipolia, chini ya mlio wake, upande wa pili wa ukuta, mtu alikuwa anatwanga. Tu, tu, tu, kwa haraka, kama Vero alivyokuwa akitwanga ndizi za lituma. King'ora kikinyamaza, mchi ulinyamaza. Niliweka sikio kwenye matofali, nikasikia hewa tu. Kesho yake tena. Nilifikiri: wamemsaga, na sasa anatwanga. Mtu anayesoma hili atacheka. Nilikuwa peke yangu katika safu ambayo nusu yake ilikuwa tupu, na sikucheka.

Mwisho hofu ilinichosha kuliko kujua kungenichosha. Siku moja, king'ora kilipoanza, nilikimbia kuzunguka nyumba, nikasukuma mlango wa nyuma. Mchi ulikuwa umesimama ndani ya kinu, na ndani ya kinu mlikuwa na ndizi mbichi zilizopondwa nusu. Hakukuwa na mtu. Nikatazama juu. Katikati ya mbao na bati, uso mdogo wenye majivu ulikuwa unanitazama.

"Koko," nilisema.

"Wewe peke yako?" aliuliza. "Bwana yako iko wapi?"

"Iko kazini. Koko, shuka."

Hakutaka kushuka. Nilipanda juu ya ukingo wa kinu ili tuzungumze, na alinieleza kwa kunong'ona. Polisi walikuja pamoja na Gaspard na kumwambia Vero afunge mizigo. Koko alipanda juu kama kawaida. Vero hakuweza kumwita, maana wangemwona na pengine kumfunga. Alitazama juu mara moja, akatoka. Kamio iliondoka. Koko alingoja binti yake aje amwite, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyopatana. Alikula ndizi za mgomba wa nyuma, akatwanga wakati wa king'ora ili mtu asisikie.

"Gaspard alisema nini?" niliuliza.

"Alisema: Alphonse amenigusa." Alinitazama mikononi. "Sitashuka kama mutu yule anaishi hapa pembeni."

Nilimlisha kwa siku kadhaa, nikimpitishia bakuli juu ya ukuta, na mkono mkavu kama kijiti ulilipokea kutoka gizani mwa bati. Alphonse sikumwambia. Kama wangemkuta bibi yule, tungepoteza nyumba, na zaidi ya hayo sikujua tena mume wangu angefanya nini. Lakini siku moja alirudi saa sita, anaumwa kichwa. King'ora kililia. Mchi ukaanza. Nilimwona anasimama katikati ya chumba, uso umegeuka majivu, mikono ameibana makwapani.

"Unasikia?" aliniuliza.

"Ninasikia."

"Hata wewe?" Akakaa chini sakafuni. "Nilifikiri iko mimi tu. Kule ndani ya mashine pia ninabasikia. Gaspard anaimba. Yeye na wengine."

Hapo ndipo nilipomwuliza moja kwa moja wanakwenda wapi watu anaowagusa. Alisema hajui. Aliwahi kumwuliza Bwana, na Bwana alijibu, "Kwao," akaendelea na kazi. Kwa mwaka mzima karibu, mume wangu alikuwa anagusa watu na yeye mwenyewe hajui kilichoko nyuma ya mlango ule. Alikuwa analala pembeni yangu na swali lilelile nililokuwa nalo mimi, na tulilinyamazia wote wawili.

Nilimwambia anayetwanga ni nani. Alifunika uso. Kisha nikasema nitampeleka Koko Yanonge, na huko nitamtafuta Gaspard kwa macho yangu.

"Na kama haiko kule?"

"Kama haiko kule, mimi sirudi, papa."

"Donc, wende," alisema.

Tuliondoka asubuhi kwa mtumbwi wa wachuuzi wa samaki waliokuwa wanarudi kwao. Koko nilimvika kitenge changu, nikamkalisha katikati. Sehemu ya mbele ilikuwa imejaa masanduku ya sabuni nyeupe waliyokwenda kuuza vijijini, na alipoyaona alivuta miguu yake chini ya nguo na hakuinyoosha safari nzima. Tulipita chini ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, ndege ikapanda juu yetu, kisha mji ukaisha na pande zote mbili ikabaki miti na maji ya kahawia. Wapiga-makasia waliimba. Nilikuwa sijasikia wanaume wakiimba kazini tangu mashine ziwashwe, na badala ya kunifurahisha, ilinitia baridi.

Yanonge watu walimpokea Koko kwa vilio, lakini nilipotaja jina la Gaspard waliangalia pembeni. Mwanamke mmoja alinyoosha kidole mwisho wa kijiji, bila kutufuata. Ilikuwa nyumba ya majani, peke yake, karibu na msitu. Mlangoni mtu alikuwa ameacha chakula juu ya jani, mbali kidogo, kama tunavyowaachia wafu. Na Gaspard alikuwa amekaa pale, mzima, amekonda. Vero alitoka nyuma yake. Aliponiona hakukimbia kunipokea. Alisimama, akangoja kuona kama nitakaribia.

Habari za watu wa sabuni zilikuwa zimefika kabla yao. Ngoma za mtoni zilisema wamekufa, familia ikalia matanga, wakamaliza. Wiki chache baadaye meli ikawashusha wawili hawa ufukweni, na kijiji kizima kikakimbia. Tangu siku ile hakuna aliyewagusa. Koko Elisa alisikiliza maneno hayo amesimama. Kisha alitembea mpaka kwa binti yake, akamshika uso kwa mikono yake miwili, akamfuta machozi kwa viganja, mbele ya watu waliokuwa wanachungulia kutoka kwenye migomba. Alimshika muda mrefu, makusudi. Mimi nilimwendea Gaspard, nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, na kwenye mistari ya kiganja bado ulikuwa na rangi ya mawese.

"Alphonse anaendelea?" aliuliza.

"Halali."

"Wakati alinigusa, alikuwa analia," alisema Gaspard. "Makelele ya mashine ilikuwa nyingi, sikusikia kitu, lakini nilimuona. Umwambie nilimuona."

Nilirudi Kisangani kwa baleinière, mashua ya mizigo iliyotoka Yangambi na mihogo. Nilimwambia Alphonse yote, na alilia kama mtoto, kisha akalala mchana kutwa. Asubuhi iliyofuata nilizunguka kambini mlango kwa mlango. Niliwaambia wanawake: nimemwona Gaspard, nimemshika mkono, wako kwao, hawajafanywa sabuni. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza, "Nani alikutuma kutuambia?" Mwingine alikuwa anatazama mkono wangu niliosema umemshika Gaspard. Nilipoondoka nilisikia nyuma yangu maji yakimwagwa mahali nilipokuwa nimesimama.

Haikupita muda, Bwana alimtajia Alphonse jina la kijana mmoja wa kufunga sabuni, ambaye mke wake alikuwa ametoka kujifungua. Alphonse hakusogea. Bwana akasema, "Alors?" Alphonse akajibu kwa Kifaransa chake cha misioni kwamba leo anayeitwa ni yeye mwenyewe. Bwana alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akampigia polisi simu. Kijana yule alibaki, labda kwa miezi michache tu. Sikupata kujua. Sisi tuliondolewa siku ileile, na tuliporudi Kisangani baada ya uhuru kambi ilikuwa na watu wengine.

Kamio ilifika kwetu ikiwa na turubai lake. Nilikuwa nimekwisha funga mizigo, kwa kuwa Alphonse aliniambia usiku uliotangulia kwamba jina lolote litakalotajwa, hataligusa. Tuliketi nyuma juu ya godoro, na kabla askari hajashusha turubai niliona njia yote ya kambi, na wanawake wamesimama milangoni. Mke wa kijana yule alikuwa wa mwisho, na mtoto wake mikononi. Alipotuona aligeuza uso wa mtoto kifuani ili asitutazame. Nilitaka kumwambia kwamba tunavuka mto tu, kwamba tutapanda treni ya Ponthierville na kula kwanga, mkate wa muhogo, njiani, kwamba Alphonse ana mama Maniema. Nikafungua mdomo. Injini ilikuwa inanguruma, naye aliona midomo yangu ikifunguka na kufungika bila sauti yoyote kutoka. Akarudi nyuma hatua moja, akaingia ndani, akafunga mlango.